Mstari wa Pili

"Mama, tafadhali usiimbe," Reva alimnong'oneza mama yake kabla taa za ukumbi hazijazimwa. "Hapa watu wanasikiliza tu."

"Nani kakwambia nitaimba? Mimi nimekuja kukaa," alijibu Verdie, na huo ulikuwa uongo mtupu.

Alikuja kwa jambo moja. Marehemu mumewe, Estil, ndiye aliyekuwa akitoa mistari katika kanisa lao dogo la mlimani: anaimba mstari peke yake, waumini wanaurudia kwa sauti ya kuvuta, bila kinanda. Vumbi la makaa lilipommaliza mapafu, hakubaki mtu kanisani wa kutoa mstari, Estil akazikwa kimyakimya kama mtu asiye na kwao. Jambo hilo lilimkaa Verdie rohoni. Zamani, kazini kwake katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, alikunja mashuka kwa wimbo. Siku hizi mikono inakwenda, mdomo umegoma. Aliona kwamba akijibu mstari mmoja tu, Estil atakuwa amezikwa sawasawa.

Na wa kuutoa alibaki Arlis Noble, aliyefundishwa na Estil tangu mtoto, akikaa kwenye benchi la kanisa miguu haijafika sakafuni. Sasa ni mwimbaji mkubwa, anajaza kumbi hadi mji wa Lexington, na usiku huu zamu ilikuwa ya ukumbi huu.

Arlis alipiga banjo, akapiga gitaa, watu wakapiga miluzi. Kisha akaviweka chini.

"Huu nilifundishwa na mzee mmoja wa kwetu, mchimba makaa," alisema, akautoa: "Nimefika mtoni, Bwana, viatu vyangu mkononi..."

Akavuta pumzi. Kwao, mstari ukitolewa hujibiwa. Verdie akajibu. Sauti ilimtoka nzito, ikazunguka ukumbi mzima.

"Shii!" ilimkatiza kabla hajaumaliza mstari.

"Bibi, tumekuja kumsikia yeye, siyo wewe!" alisema mwanamume wa nyuma. Watu wakacheka.

Reva akaficha uso. "Mama, si nilikwambia jamani!"

Jukwaani, Arlis alikinga macho kwa kiganja, akitafuta gizani. "Mwacheni," alisema. "Kwetu huimbwa hivyo. Mama Verdie, twende."

Akatoa mstari wa pili, polepole, vilevile alivyoutoa Estil, akasubiri.

Verdie akafungua mdomo. Kile kicheko kilikuwa bado masikioni mwake, na sauti haikuja.

"Haya, imba basi," Reva alimsihi, sasa machozi yakimlenga. Verdie akajaribu tena. Hakikutoka kitu.

Arlis akazidi kusubiri. Mtu mmoja kwenye viti vya juu akadhani wimbo umekwisha, akapiga makofi, na ukumbi wote ukamfuata, watu wakasimama wakishangilia. Verdie naye akasimama, maana wote wamesimama, mdomo ungali wazi.