Mawimbi Yasiyofika Kibamba

Kibamba hakuna kilichotikisika. Nilikuwa barazani na mafungu mawili ya karatasi za mtihani wa kidato cha tatu, glasi ya maji pembeni, na maji yalitulia kama siku zote. Ng'ambo ya ua wa michongoma, kwa Bi Tunu, shughuli ya kumtoa mwali ilikuwa imepamba moto. Spika mbili kubwa kuliko kabati langu zilipiga taarabu na singeli kwa zamu, na bati za paa langu zikawa zinaitikia. Ndiyo maana niliiahirisha simu ya dada yangu.

Nilikuwa nampigia Kokushubila kila Jumamosi, saa tisa alasiri. Sikuwa na mke wala mtoto. Miaka kumi na mmoja ya Dar es Salaam ilikuwa imenipa nyumba ya vyumba viwili, kazi ya kufundisha jiografia, na jirani aliyeniita Nshomile. Wahaya tunataniwa hivyo nchi nzima, kwamba tumesoma na hatuwezi kukaa bila kulitangaza. Nilijifanya naudhika. Kwa kweli niliupenda utani ule, maana kama si msomi, ningekuwa nani Kibamba?

Dada alibaki nyumbani, nje kidogo ya Bukoba, katika nyumba ya matofali aliyoijenga baba. Baba alipofariki, ukoo ulinikalisha mimi kwenye kiti chake, ingawa Kokushubila alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka tisa na ndiye aliyemuuguza. Nikakalishwa, nikapongezwa, nikarudi mjini. Yeye akabaki na migomba, kuku na nyumba yangu.

Wiki sita kabla ya Jumamosi ile alinipigia yeye, jambo ambalo hakulizoea.

"Didas, jana chini kulitikisika. Kidogo tu. Lakini ukuta wa chumbani kwa baba umepata ufa. Vidole vyangu vinaingia."

"Vyote?"

"Vinne. Nafikiri nihamie jikoni."

Jiko letu limejitenga na nyumba: miti, udongo na bati chache. Mtu mwingine angesema, hamia dada, nakuja. Mimi nikapanda jukwaani. Nikamweleza kwamba matetemeko yetu huzaliwa mbali, kwenye bonde la ufa. Wimbi linapotoka kwenye chanzo lina nguvu zote, lakini hutapakaa kila upande, na kila mwamba linaoupita hulimega kidogo. Vishindo vya haraka ndivyo hufa kwanza, nikasema. Kinachofika kwetu ni mabaki, mgeni aliyechoka njiani anayetaka kukaa tu. Karibu kila neno lilikuwa la kweli. Nilichosahau kujiuliza ni itakuwaje chanzo kikiwa karibu.

Mada hiyo naifundisha mpaka leo, kila mwaka. Nikifika kwenye neno "chanzo" huwageuzia wanafunzi mgongo na kufuta ubao, hata kama hauna kitu.

"Halafu dada," nilimalizia siku ile, "watu watasema nini? Nyumba ya baba imesimama, wewe unalala na kuku?"

Akasema, "Sawa. Wewe ndiye uliyesoma."

Tangu hapo kila Jumamosi nilianza na swali moja: uko wapi? Naye alijibu, "Niko chumbani kwa baba." Mimi niliridhika, tukaendelea na habari za kahawa na mvua.

Basi Jumamosi hiyo ya Septemba saa tisa ilipofika niliitazama simu, nikautazama ua. Nikasema nitampigia wakipunguza muziki. Nikasahihisha karatasi ya Farhan, kisha ya Gladness. Ilipofika saa tisa na nusu spika zikazimwa ili mwali atunzwe, nami nikapiga. Haikupatikana. Nikapiga mara nane. Ya tisa nikaona ujumbe kwenye kundi la ukoo: Bukoba imetikiswa, nyumba zimelala chini.

Bi Tunu alichungulia uani na sare yake ya shughuli, jasho linamtiririka.

"Mwalimu, mie nasikia huko kwenu kumetikisika. Wazima lakini?"

"Simu haiingii, Bi Tunu."

"Mungu atajaalia, baba. Ngoja nikuletee pilau."

Akaleta, akarudi kwa wageni, na muziki ukarudi. Sikumlaumu. Habari yenyewe ilipofika Kibamba ilikuwa imeshapoteza majina ya watu, imebaki idadi, na idadi haimzuii mtu kucheza. Lakini sijawahi kuwa mpweke kama alasiri ile, nimekaa na sahani ya pilau katikati ya vigelegele, nikiwa sijui kama nina dada.

Asubuhi yake, Jumapili, Clara alinipigia. Yeye ndiye jirani aliyekuwa akishinda na Kokushubila. Ukuta wa chumba cha baba ulikuwa umemwangukia.

Tulimzika kwenye migomba, kando ya baba. Waombolezaji walipopungua, Clara alinishika mkono akanipeleka jikoni. Nilikuta kitanda cha dada, chandarua, rozari kwenye msumari, na khanga zake zimekunjwa vizuri juu ya sanduku.

"Alihamia humu tangu ule ufa," Clara alisema. "Kule ndani alikuwa haingii, ila Jumamosi."

"Jumamosi?"

"Ikikaribia saa tisa. Alinawa mikono, akaingia chumbani kwa baba yenu, akakaa na simu. Nilimwambia, dada, si uzungumze naye huku nje? Akasema, ataniuliza niko wapi, na mdogo wangu siwezi kumdanganya. Mkimaliza alitoka mbio." Akanipapasa bega. "Alikuwa anakuheshimu mno, mwalimu."

Alidhani ananifariji. Nikamshukuru, nikatoka nje, nikasimama mahali ilipokuwa nyumba. Tetemeko lilipita saa tisa na dakika ishirini na saba. Maongezi yetu hayakuwahi kufika hata robo saa.

Niliporudi Kibamba Bi Tunu alikuja kunipa pole. Alivua ndala, akakaa mkekani, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakunitania. Shuleni walikuwa wameniuliza wamekufa wangapi, nyumba ngapi, serikali imesema nini. Yeye aliuliza jina la marehemu, akalirudia polepole mpaka akalipatia.

"Na lilimkuta wapi, mwalimu?"

"Ndani."

"Maskini. Ndani anafanya nini, jua la alasiri lote lile?"

Alinitazama, akangoja. Alikuwa na nafasi ya kunisikiliza hata mpaka magharibi, na mimi nilikuwa na jibu lote, kuanzia kwenye ufa hadi kwenye simu.

"Alikuwa amekaa tu," nikasema.