Baba Yake Alikuwepo

Clementi alikuwa amefika sura ya kumi na nne ya Yohana. Aliweka rula kwenye ukurasa wa kaunta buku, akaandika namba ya mstari upande wa kushoto, chini ya maneno "Mwana na Baba ni wawili". Kisha akarudi nyuma mistari kadhaa, pale Yesu anapomwambia Filipo kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba. Huo akauandika upande wa kulia, chini ya "Mwana ni Mungu". Tangu Jumatatu alikuwa akifanya hivyo, injili moja baada ya nyingine, bila kuruka sura. Kulia alikuwa na mistari ishirini na sita. Kushoto thelathini na mmoja.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza mabomba ya kupulizia dawa ya pamba. Matatu yalikuwa yameegemea ukuta wa nyumba yake hapo Manyamanyama, na wenyewe walishaulizia. Lakini leo ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi padri angekuja kuwahoji upya watu saba ambao Clementi, katekista wao, alikuwa akiwaandaa kubatizwa.

Mara ya kwanza iliharibika. Padri alimuuliza Mzee Mayala, baba mzazi wa Clementi, Yesu ni nani. Mzee akajibu bila kusita kwamba Yesu ni Mungu, amechukua jina la baba yake aliyekufa. Padri akadhani amesikia vibaya. Akamuuliza wa pili, akamuuliza wa tatu. Wote saba walikuwa na hakika kwamba Mungu Baba alishafariki.

"Nani amewafundisha haya?" padri aliuliza, na watu wote wakamgeukia Clementi.

Ni kweli alikuwa amewafundisha yeye, ingawa hakujua. Katika ukoo wao, huko Butiama, mtoto hupewa jina la mzee, na akishapewa huheshimiwa kama mzee huyo. Mtoto wa kwanza wa Clementi, Masatu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye duka lake Mukendo, Musoma, ana jina la baba wa Mzee Mayala. Masatu akija kusalimia, Mzee huinuka, humpisha kiti na kumwita baba. Clementi aliutumia mfano huo darasani, kuonyesha kwamba mwana anaweza kuwa na heshima yote ya baba yake, isipungue hata kidogo. Watu ambao kwa miezi mitano walikuwa wakimtazama tu, siku hiyo waliitikia kwa vichwa. Alichosahau ni jambo ambalo kila mmoja wao alilijua toka utotoni: jina la mtu aliye hai halipewi mtoto. Jina husubiri msiba.

Padri hakugomba. Alisema tu kwamba atakayeshindwa kujibu Jumamosi hatabatizwa Jumapili, atasubiri Pasaka ijayo. Mzee Mayala miguu ilikuwa imevimba, na daktari alishasema moyo umechoka. Hakuna aliyetaja Pasaka nyumbani mule.

"Katekista, hujampata tu?" Khalidi, fundi cherehani wa nyumba ya jirani, alikuwa amesimama kwenye ua na futi yake shingoni.

"Nipo Yohana."

"Sisi tulishawaambiaga. Mmoja, basi. Ungekuwa umeshamaliza, unatengeneza mabomba ya watu."

"Kashone, Khalidi."

"Nashona. Shemeji, huyu mpikie, anakonda!"

Justina, mkewe Clementi, alicheka pale alipokuwa akichambua dagaa. Khalidi alipoondoka, aliacha kucheka.

"Baba Masatu," alisema kwa sauti ya chini, "mwache mzee abatizwe kwanza. Mfundishe kujibu: Baba yupo, Mwana yupo, Roho yupo. Mengine utamweleza akishapata maji."

Halikuwa wazo baya. Clementi mwenyewe alikuwa nalo tangu Jumatatu. Kwa miaka thelathini alimwomba baba yake abatizwe, na kwa miaka thelathini mzee alikataa kwa upole, hata alipoanza kuja kusikiliza darasani, mpaka siku ya mfano ule. Angeweza kunyamaza. Lakini mzee angejibu mbele ya padri, na Clementi angejua mzee anaposema Baba yupo anamaanisha nini.

Alichukua Biblia, daftari, kalamu na kigoda, akaenda kukaa karibu na baba yake kwenye kivuli cha nyumba.

"Baba, ule mfano wa Masatu nilikosea."

"Ulikosea wapi?"

"Mungu Baba hajafa. Siku Mwana anabatizwa, yeye yuko majini, sauti ya Baba inatoka juu. Wako wote wawili saa ileile."

"Yuko hai."

"Yuko hai."

"Na Mwana naye ni Mungu."

"Ndiyo."

"Na Mungu ni mmoja."

"Ndiyo, baba."

Mzee alikuna goti. "Khalidi hana shida kama zetu."

Clementi alitaka kucheka, lakini uso wa mzee ulikuwa umebadilika.

"Hizo hesabu mtafanya na padri wenu. Mimi unajua nilikubali kwa nini? Nilimwonea huruma huyu Mwana. Baba yangu alikufa mimi nikiwa nachungaga bado, baba zangu wadogo wakachukua ng'ombe wote, hakuna wa kunisemea. Nikaona huyu naye yatima. Ana jina kubwa, wanampiga, wanamtundika, hakuna mzee wa kusimama aseme mwacheni. Nikasema huyu namfuata. Sasa unaniambia baba yake alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Anaona?"

"Anaona."

"Wewe wakikufunga kamba pale sokoni, mimi na miguu hii nitakuja."

Clementi alianza kumkumbusha kwamba Mungu aliupenda ulimwengu hata akamtoa Mwana. Mzee aliinua mkono.

"Hilo umenisomeaga. Nauliza siku yenyewe ya kumtoa. Nisomee hapo. Usiruke."

Clementi akafungua Marko, kule bustanini. Alisoma sentensi moja moja. Mwana alianguka chini, akamwita Baba, akaomba kikombe kile kimwondokee, lakini yawe anayotaka Baba.

"Na Baba akajibu nini?"

Clementi alishusha kidole ukurasani. Wanafunzi wamelala. Mwana anarudi kuomba maneno yaleyale. Wamelala tena. Kisha wanakuja watu wenye marungu.

"Hapa hakuna jibu, baba. Kwa Luka kuna malaika anamtia nguvu."

"Malaika ametumwa. Mimi nauliza mwenyewe."

Clementi alitazama daftari lake. Mistari hamsini na saba, na hakuna hata mmoja aliouandika kwa ajili ya swali hilo. Akafungua ukurasa mpya, akaandika juu, "Baba alipojibu". Chini yake hakuwa na la kuandika.

"Jumapili utakuja, baba?"

"Sijui." Mzee alikuwa amechoka, pumzi zinakatika. Aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. "Huyo Mathayo hujanisomea. Kesho anza naye. Na uniamshe mapema, asubuhi ndiyo napumuaga vizuri."