Msichana wa Sura ya Nne

Kila mwanafunzi aliyesomea ualimu katika chuo kile alipita mikononi mwa Dokta. Ndivyo walivyomwita kazini, ndivyo walivyomwita nyumbani, na hata muuza magazeti wa getini alimwita hivyo hivyo, ingawa tangu mwezi uliopita alikuwa ameshapanda na kuwa profesa kamili. Alifundisha sosholojia ya elimu. Watu wa kawaida wakimuuliza huyo ni mdudu gani, alikuwa na jibu lake la siku zote: "Nachunguza kwa nini watoto wawili wanaingia shule moja kwa mlango mmoja, halafu wanatokea milango miwili." Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Kilichompa jina kilikuwa kitabu kimoja. Alikiandika akiwa bado kijana, baada ya kuwahoji wanawake arobaini na mmoja walioishia darasa la saba. Aliwafuata masokoni, majikoni, kwenye saluni za uani, kinasa sauti mkononi na madaftari kwapani. Kitabu kikapendwa. Kikasomeshwa vyuo vingine, kikamfungulia mikutano na safari, kikamlea mpaka akazeeka nacho.

Sura iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya nne. Hiyo haikutokana na mahojiano. Ilimhusu mtoto mmoja aliyeitwa humo Msichana wa Dawati la Nyuma, ambaye siku ya mtihani wa mwisho aliacha nusu ya karatasi ya hesabu tupu, akakunja mikono, akatazama nje. "Hakushindwa na maswali," Dokta aliandika. "Kwa miaka saba shule ilimfundisha kwamba jibu lake halingojwi na mtu, na siku ile alionyesha kuwa somo hilo limemwingia." Sentensi hiyo ilinukuliwa mpaka ikachakaa. Wanafunzi waliijua kwa moyo.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba msichana huyo alikuwa mdogo wake, wa ziwa moja na yeye.

Alikuwa amemficha, lakini si sana. Baba yao, aliyekuwa fundi wa baiskeli, kitabuni alimgeuza kuwa mwashi. Mji akauhamisha. Vile vidogo vidogo, hata hivyo, alivionea choyo kuvitupa, maana ndivyo vilivyoitia sura ile uhai: mkono wa kushoto aliokuwa akichapwa kwa kuuandikia, kovu la pasi ya mkaa kwenye kifundo cha mkono, na mazoea ya kuimba jedwali la saba kila alipokuwa anafikiri. Alijiambia mdogo wake hasomi vitabu vya chuo. Kweli, hakuvisoma.

Lakini mdogo wake alikuwa na binti, na binti alifaulu. Alipochaguliwa kujiunga na chuo kile kile, Dokta ndiye aliyempokea, akamtafutia chumba na kumwonyesha maktaba. Mwaka wa pili binti akaingia darasani kwa mama yake mkubwa, akakaa safu ya mbele, kalamu tayari.

Jumanne moja, baada ya kipindi, alibisha hodi ofisini. Dokta alikuwa anapanga kadi za mwaliko. Zilikuwa zimebaki wiki tatu atoe hotuba yake ya uprofesa, naye alikwishawatengea ndugu zake viti vya mbele.

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, Mama Mkubwa. Nina swali la darasani."

"Uliza."

"Msichana wa Dawati la Nyuma ni nani?"

Dokta hakuinua macho. "Ni mtu wa utafiti. Majina hatutaji, hilo nimewafundisha wiki ya kwanza."

"Ameandikwa alikuwa anatumia mkono wa kushoto."

"Wako wengi."

"Na ana kovu hapa." Binti akagusa kifundo cha mkono wake. "Na anaimba jedwali la saba. Mama mpaka leo akipima kitambaa anaimba saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne. Wateja wanamcheka."

Kadi zilikuwa nyingi mezani. Dokta akaziweka pamoja, akazigonga kingo zilingane, kama mtu mwenye kazi ya haraka.

"Umeandika hakuwa na hamu ya shule," binti alisema. Sauti ilianza kumpasuka. "Darasani watu walikuwa wanamjadili. Jirani yangu akasema watoto wa namna hiyo hujikatia tamaa wenyewe. Na mimi nikaandika hivyo kwenye daftari langu. Kabla sijafika ukurasa wa kovu, niliandika."

"Mwanangu, sikiliza—"

"Nimemsomea."

"Umemsomea nani?"

"Mama. Jumapili. Sura nzima."

Dokta akaziacha kadi. "Akasemaje?"

"Akaniambia nikamalizie kupiga pasi sare, wateja wanakuja."

* * *

Mdogo wake alikuwa mshonaji wa sare za shule. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na kamba iliyotundikwa sketi za bluu kutoka ukutani hadi mlangoni, hivi kwamba mgeni aliingia kwa kuinama. Dokta akainama, akaingia. Alikuwa amejiandaa njia nzima.

"Shikamoo, Dada," mdogo wake alisema bila kusimamisha mkasi.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Sogeza hizo kola ukae."

Akakaa. Mkasi uliendelea kula kitambaa.

"Nimekuja kwa ajili ya kile kitabu."

"Najua. Hujawahi kuja siku ya kazi."

"Nilibadilisha mambo mengi. Sikutaka watu wajue kuwa ni wewe."

"Mimi nimejua."

Dokta akaanza kueleza. Alisema haikuwa aibu ya mtoto, ilikuwa aibu ya shule. Kwamba sura nzima ilikuwa inamtetea. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kama ya ukumbini, akanyamaza.

Mdogo wake akaweka mkasi chini. "Nikuulize kitu. Hao wanawake arobaini na mmoja uliwafuata mpaka kwao?"

"Ndiyo."

"Ukakaa nao chini, ukawauliza kilichowatokea?"

"Ndiyo."

"Mimi tulikuwa tunalala kitanda kimoja."

Nje mtu alipita akiuliza bei ya sweta, akajibiwa arudi kesho. Mshonaji akavuta kigoda, akakaa karibu na dada yake kuliko ilivyohitajika.

"Mwaka ule ulikuwa unarudia darasa," alisema. "Ulishaanguka mara moja. Ndiyo maana tukajikuta tumekaa mtihani mmoja, mimi na wewe. Unakumbuka ulivyokuwa? Huli. Ukimwona mwalimu wa hesabu unatetemeka. Ulimwambia mama ukianguka tena hutaki kuishi."

"Nilikuwa mtoto."

"Na mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe. Wiki moja kabla, nikamsikia baba anamwambia mama: wa kusomesha ni mmoja, atakayemzidi mwenzake ndiye huyo. Nikaenda nikaijua hesabu yote. Yote, Dada. Maswali ya kwanza ishirini na tano niliyafanya nikiyaimba moyoni. Halafu nikainua macho, nikakuona. Ulikuwa unafuta, unaandika, unafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Nikaweka kalamu chini."

Dokta alimkodolea macho.

"Usinitazame hivyo, mimi si malaika. Nilijuta kabla kengele haijalia. Nikataka kuishika tena kalamu, msimamizi akasema muda umekwisha. Ulipoondoka na sanduku lako nilikuchukia miaka mingi, na hukujua. Ukirudi likizo nakufulia nguo huku nakuchukia. Baadaye ikapungua. Nikasema basi, lile jambo ni langu, hakuna mwingine analo." Akaokota kipande cha chaki, akakirudisha. "Kumbe unalo wewe, umeliandika kinyume, na watu wanalifanyia mtihani."

Dokta alilia pale, kati ya sketi za watoto wa watu. Mdogo wake hakumbembeleza. Alimpa kitambaa chakavu apanguse uso, akarudi kwenye meza yake.

* * *

Siku tatu Dokta hakwenda chuoni. Alijifungia nyumbani akaiandika upya sura ya nne. Aliweka kila kitu: maneno ya baba, karatasi iliyotoboka, kalamu iliyowekwa chini. Ilikuwa kazi nzuri, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na kwa sababu hiyo alipoimaliza alijisikia mwepesi. Akaichapa, akaipeleka dukani ndani ya bahasha.

"Hii ndiyo kweli yako," alisema. "Na hotuba yangu nitaijenga juu yake. Nitasimama mbele ya wote niseme nilikosea."

Mdogo wake hakuifungua bahasha. "Na mimi nitakuwa wapi?"

"Utakaa mbele. Nimekutengea kiti."

"Ili watu wageuke kunitazama." Akacheka kidogo, cheko kavu. "Dada, umeshaniandika mara moja bila kuniuliza. Sasa unataka kuniandika mara ya pili ili wewe upumue. Watakupigia makofi kwa hiyo pia. Watasema, tazameni profesa alivyo mnyenyekevu."

"Basi unataka nifanye nini?"

"Nitoe."

"Nikutoe?"

"Nitoe humo. Usinirekebishe."

Dokta alirudi na bahasha yake kwapani.

Mchapishaji, aliyekuwa akiandaa toleo jipya, alipoombwa aiondoe sura hiyo alidhani ni mzaha. Mkuu wa idara naye alimwita, akafunga mlango. "Profesa, sura ya nne ndiyo kitabu chenyewe. Ukiitoa umebaki na majedwali. Kuna ushahidi mpya? Kuna mtu amelalamika?"

"Sikuwa na haki nayo."

"Hiyo si sababu ya kitaaluma."

"Najua," Dokta alisema. "Lakini ndiyo niliyo nayo."

Sura ikatolewa. Nakala za zamani zilibaki maktabani, na hakuna aliyeweza kuzifuata zote. Siku ya hotuba ukumbi ulijaa. Watu walikuja kusikia ile sentensi, hawakuisikia. Dokta alisoma kurasa alizozikusanya kwa haraka, takwimu juu ya takwimu, na katikati walianza kukohoa na kutazama simu. Kiti alichokitenga mbele kilikaliwa na mke wa mkuu wa chuo. Makofi yalikuwa ya adabu. Mzee mmoja mstaafu, aliyemfundisha zamani, alimshika mkono akamwambia, "Umechoka, binti yangu. Pumzika," na yeye akaitikia kwa sababu hakuwa na nguvu ya kueleza.

Binti wa mdogo wake alihamia idara ya jiografia muhula uliofuata. Wakikutana kwenye ngazi alimwamkia vizuri, "Shikamoo, Mama Mkubwa," kisha akapita. Hakuja tena ofisini.

Dukani, hata hivyo, Dokta hakuacha kwenda. Kila Jumamosi asubuhi aliinama chini ya zile sketi, akakaa. Mdogo wake alimpa kazi ya kushona vifungo, akavikagua, akavifumua nusu yake. "Mkono wako mzito," alimwambia. "Mama wa watoto atanirudishia shati hili kabla ya Jumatano." Dokta akavishona tena. Wakati mwingine walicheka. Wakati mwingine mdogo wake alikunja uso ghafla, na Dokta alijua ni mwaka upi ameukumbuka. Hakumuuliza. Wala hakujua kama kutomuuliza ni heshima, au ni ule ule uzembe wa zamani.

Jumamosi moja, bila kutazama juu, mshonaji akasema: "Wale arobaini na mmoja. Ulirudi kwao?"

"Kuwafanyia nini?"

"Kuwasomea ulichowaandika."

Sindano ya Dokta ikasimama hewani. Hakuwa amerudi hata kwa mmoja.

Ilimchukua miezi minane kuanza kuwapata. Kumi na mmoja walikuwa wamefariki. Wengine walihama, majina ya ndoa yakawafunika. Mmoja alimfungulia mlango, akasikiliza mpaka mwisho, akaufunga taratibu. Wa kwanza kumkaribisha kukaa alikuwa mama mwenye kantini ya hospitali, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye katika kitabu aliitwa Mhojiwa wa Kumi na Saba. Dokta akamsomea kurasa zake mbili kwenye benchi la nyuma, kati ya kreti za soda, huku wauguzi wakipita na vikombe vyao.

Mama wa kantini alisikiliza kwa makini, kichwa upande. Mwishoni akavua miwani.

"Umeandika vizuri," alisema. "Ila nilikudanganya."

"Ulinidanganya?"

"Uliniuliza kwa nini niliacha shule, nikakwambia ada. Ulikuwa msichana mdogo mwenye haraka, unaitazama saa kila mara, na ada ndiyo uliyokuwa unaitaka. Niliona uso wako. Nikakupa."

Dokta alikifunga kitabu, akakiweka chini ya benchi.

"Ilikuwa nini?"

Mama wa kantini akatazama foleni iliyoanza kujipanga dirishani. "Sasa hivi watu wana njaa," alisema, akainuka, akafunga upya kanga kiunoni. "Njoo Alhamisi, baada ya saa nane. Na usije na haraka."

Alhamisi alikwenda. Saa aliiacha nyumbani, akangoja nje ya kantini mpaka sufuria ya mwisho ilipooshwa.