Vidonge Kumi na Maombi Mafupi

Hakuna aliyemwalika Ondiek kwenye fellowship, ile ibada ya sebuleni kwa Mama Leonida, pale mtaa wa West Indies. Wivu ndio uliomshika tai ukamburuta.

Jumapili hiyo Seline, mchumba wake, angetoa ushuhuda wa kuponywa malaria, na Ondiek alishajua atasifiwa nani: Mungu kwanza, na nyuma yake, kwa karibu sana, Jeconia fundi wa saa. Mungu hakumsumbua Ondiek. Hakuamini yupo, na asiyekuwepo hawezi kukunyang'anya mchumba. Jeconia alikuwepo, tena amepaka mafuta ya nywele.

Ondiek alikuwa mtu wa maabara hospitalini. Seline aliporudi kutoka matanga kwao ziwani akitetemeka, ni yeye aliyemtoboa kidole, akaona vijidudu kwa darubini, akampelekea klorokwini. Sasa muujiza umetokea wapi?

"Wapendwa, Bwana asifiwe!" Seline akaanza.

"Amina!"

"Nilikuwa wa kuzikwa. Ndugu Jeconia akaniombea. Leo naimba!"

Vigelegele. Jeconia akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, ule wa kuchungulia kama watu wameuona.

Ondiek akasimama. "Nina neno."

Nyuso thelathini zinangoja.

"Salimia kwanza, mwanangu," Mama Leonida akamwambia.

"Habari zenu."

Hata mtoto hakuitikia. Siku hizo nchi nzima ilikuwa na chama kimoja, na sebule ya Mama Leonida ilikuwa na salamu moja. Upinzani haungepewa nafasi bila hiyo.

"Bwana asifiwe," Ondiek akasema, kama anayetema kwinini.

"AMINA!" Bati likatikisika.

"Malaria ni vijidudu. Nilimpa Seline vidonge kumi. Vikaua vijidudu. Basi! Hakuna muujiza."

"Ni kweli," Seline akasema, na Ondiek akaumuka kama mandazi. "Nilimeza. Lakini mnajua ile dawa inavyowasha. Vinne vya kwanza viliniwasha mwili mzima, nikataka kutupa vingine chooni. Ndugu Jeconia akanipikia uji, akashika kikombe cha maji, akakataa kuondoka mpaka nimeze."

"Amina!"

"Siku zote tatu za dawa?" Ondiek akauliza. Hilo halikuwa swali la sayansi.

"Zote tatu."

"Na maombi je?"

"Yalikuwa mafupi, ndugu yangu," Jeconia akajibu. "Kazi kubwa ilikuwa kubembeleza."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

"Na mimi, Seline?"

"Wewe ulipitisha vidonge dirishani ukasema una zamu. Hukurudi hata kuuliza kama napumua."

"Lakini nilijua utapona! Dawa ni dawa."

"Ulijua wewe, Ondiek. Mimi sikujua."

Mama Leonida akamsogezea kigoda. "Kaa basi, baba, wengine nao washuhudie."

Hakukaa. Alitoka, akasimama kwenye ua wa michongoma, akasikia Jeconia anaanzisha wimbo na Seline anaudaka kabla ya wengine wote. Kwa mara ya kwanza maishani Ondiek alitamani uchawi uwe kweli. Laiti yule fundi wa saa angekuwa amemroga Seline! Hirizi angeifungua mbele ya watu, aonyeshe ni nyuzi na majani tu. Lakini uji? Uji angeupinga na nini?