Prosesa ya Dada na Kimya cha Kabati

Yafuatayo ni maelezo rasmi ya jinsi familia yetu ilivyochagua prosesa mpya ya kompyuta kwa utafiti, busara na umoja. Mshauri mkuu wa kitaalamu nilikuwa mimi. Nasoma shule ya bweni yenye maabara ya kompyuta, na humo niliwahi kuifufua mashine ambayo mwalimu alishaikatia tamaa. Ilikuwa haijachomekwa.

Dada yangu anatengeneza muziki chumbani kwake. Anaimba ndani ya kabati la nguo alilolizungushia mablanketi ili sauti isigonge mbao na kurudi, na kompyuta iko mezani, nje tu ya mlango wa kabati. Likizo hii alipata kazi yake ya kwanza: wimbo wa tangazo la duka la mikate. Baba, ambaye kwake muziki ni kelele zenye ratiba, alisema wimbo ukikubaliwa chumba kitaendelea kuwa studio. Ukikataliwa, Dada anakwenda kuuza misumari dukani kwa mjomba.

Shida ni kwamba wimbo ulianza kukwama. Ngoma ilipita vizuri, kinanda kikapita, lakini sauti za kuitikia zilipoingia, kila kitu kikakatakata kama mgeni rasmi aliyeshikwa na kwikwi.

"Profesa," Dada aliniita. Jina hilo ni zuri mpaka uone uso wake akilitamka. "Hebu njoo uangalie. Kabla hujarudi likizo haikuwa hivi."

Niliinama. Nikaigonga kompyuta ubavuni kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa.

"Prosesa," nilisema. "Imechoka."

"Maskini," alisema Mama kutoka mlangoni. "Na ilivyokuwa haisumbui."

Kikao kilifanyika mezani baada ya chakula. Nilieleza kwamba prosesa ndiyo ubongo wa mashine, na ndani yake mna viini, yaani vichwa vidogo vinavyogawana kazi. Dukani zilikuwapo mbili zinazoingia kwenye kompyuta yetu. Ya kwanza ilikuwa na viini vichache lakini vyepesi, na haikuwa ya kupata joto. Ya pili ilikuwa na viini lundo, ilikula umeme bila haya, na feni yake ilivuma kama inataka kupaa.

"Mimi naimba hapo hapo pembeni," alisema Dada. "Feni ikivuma, inaingia kwenye maiki. Halafu nikiimba nataka nijisikie papo hapo, siyo sauti inifikie nimeshafunga mdomo. Hiyo ya kwanza inanitosha."

"Ya pili ni ya kitaalamu zaidi," nilisema.

"Kwa nini?" aliuliza Baba.

"Viini, Baba. Ni vingi."

Baba aliafiki kwa kichwa. Ni mtu anayechagua hata tikiti maji kwa ukubwa.

Tatizo la ile ya pili lilikuwa bei. Dada aliutazama ukuta, kisha akasema atauza kinanda chake. Alikinunua mwenyewe kwa kusuka watu nywele, likizo baada ya likizo, mpaka vidole vikapinda. "Nikipata kazi nyingine nitanunua kingine," alisema. Mama alianza kuondoa vyombo. Nami nikamsaidia, ingawa nilikuwa na la kusema kuliko wote.

Mnunuzi, mwalimu wa kwaya, aliahidi kuja kesho yake alasiri. Siku hiyo mchana nilimkuta Dada akikifuta kinanda kwa kitambaa, kibonye kimoja kimoja, mpaka vile vya pembeni ambavyo hajawahi kuvigusa. Nilihitaji kuongea na Kiazi, rafiki yangu anayelala kitanda cha juu yangu bwenini, na nyumbani kwetu kuna mahali pamoja tu ambapo sauti haitoki. Dada alipoelekea jikoni, nikajifungia kabatini na simu.

Sasa, Dada ana desturi yake. Kabla ya kurekodi chochote, hurekodi kimya. Anasema kila chumba kina kimya chake, na lazima ukinase kwanza ili baadaye uweze kukiondoa chini ya wimbo. Anaiwasha maiki, analifunga kabati, halafu anazunguka nyumba nzima akizima friji na kuwaamuru watu wasipumue kwa fujo. Desturi hii naijua. Ila sikujua kwamba siku hiyo alitaka kukirekodi kinanda mara ya mwisho kabla hakijaondoka.

Mwalimu wa kwaya alifika, akapewa kiti chumbani kwa Dada. Baba na Mama wakasimama nyuma yake. Mimi niliegemea mlango kwa heshima zote za mshauri.

"Kabla hujakijaribu, sikiliza kinavyolia, nimekirekodi mchana," Dada alimwambia. "Mwanzoni ni kimya tu, vumilia."

Akabonyeza, kimya kikaanza. Kilikuwa kizuri. Kisha mlango wa kabati ukalia, na mtu akanong'ona.

"Kiazi, nimelikoroga. Ule mchezo wa mpira niliuficha kwenye kompyuta ya Dada. Unajiwasha wenyewe, unaendelea chini kwa chini hata kama huuoni. Ndio unaokula nguvu zote. Prosesa nzima kabisa! Nilinyamaza kwa sababu ile yenye viini vingi ingeucheza vizuri. Sasa anauza kinanda, Kiazi. Usicheke, bwana. Nifanyeje?"

Mwalimu wa kwaya alikohoa. "Sauti imenaswa vizuri sana," alisema.

Dada hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. "Profesa, huyo ni nani?"

"Anafanana na mimi."

"Anafanana kiasi gani?" aliuliza Baba.

Nilitazama blanketi, nikatazama maiki, nikamtazama Mama, ambaye alikuwa ameshaangalia kando.

"Sana, Baba," nilisema. "Ni mimi. Prosesa haijachoka. Kule kugonga nilibuni. Na viini vikiwa vingi sijui hata vinasaidiaje wimbo. Dada, usiuze kinanda. Naufuta sasa hivi."

"Ufute tukuone."

Niliufuta, wote wakiwa wameniinamia begani, na mwalimu wa kwaya pia. Dada akaupiga wimbo wa mikate tangu mwanzo. Ngoma ikapita, kinanda kikapita, sauti za kuitikia zikaingia zote bila kwikwi. Kisha akakifunika kinanda chake, na mwalimu akachukua kofia.

"Una jingine la kutuambia?" aliuliza Baba.

"Nilikuwa naongoza ligi," nilisema.