Mstari Unaanzia Kushoto

Sikumpenda Padri Noël, na mimi ni Mkatoliki wa Kilema, kwetu padri huombewa hata akikukanyaga. Ujana wake aliumalizia Uchina, utu uzima wake Katanga, na uzee wake akatuletea sisi, kila Jumamosi katika ukumbi wa parokia kwao Ulaya, mtaa wa Auderghem, alikotufundisha kuandika Kichina kwa burashi. Mimi nilikuwa mke wa ofisa wa ubalozi, nimekuja kuua muda. Waziri, kijana wa Pemba aliyekuwa akimalizia shahada yake, alikuja kutafuta maisha. Kila mwaka chuo kimoja cha Uchina kilimpokea mwanafunzi mmoja kwa neno la padri, ada na chakula juu yao.

Tulianza na mistari ya msingi: nukta, mlalo, wima, mikato ya kuteremka, ndoano. Mlalo huanzia kushoto. Unakita burashi, unavuta, unakita tena. Waziri hakuweza. Kwa kalamu ya kawaida aliandika kama sisi sote, lakini mpe kitu cha kuchovya katika wino, mkono ulikwenda kulia na kuanzia huko. Mama yake, mwalimu wa chuo cha Kurani, ndiye aliyemfundisha hivyo kwa kalamu ya mwanzi, mkono juu ya mkono. Homa ilimziba masikio zamani, simu haikumfaa. Kwa hiyo kila Jumapili Waziri alimwandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na barua hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya mwanawe.

Padri aligeuza karatasi zetu na kutazama mgongoni, pale wino ulipozama zaidi, akajua mstari ulianzia wapi. Hakudanganyika hata siku moja.

"Mutoto, ulianzia wapi?"

"Kulia, Padri. Samahani."

"Bon. Bote mumwambie."

Nasi tulitakiwa kuitika pamoja, "Kushoto!", kama watoto wa komunio ya kwanza. Quentin, mwanafunzi mwenzetu, alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikuitika. Padri akaniuliza kama nami ni kiziwi kama mama wa Waziri.

Kabla ya Noeli akatoa sharti. "Mukono moja haiwezi tumikia bamaître mbili. Mimi najenga samedi, mama yako anabomoa dimanche. Alors, barua unaacha, mpaka Pâques. Ukikataa, Quentin ataenda."

Nilimwambia Waziri waziwazi aachane na mzee yule.

"Dada Felisia, ni miezi michache tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Kuna kuinama, mdogo wangu, na kuna kukanyagwa."

Aliinama. Alijifungia chumbani kwake Molenbeek akivuta mlalo mpaka vidole vikavimba. Pasaka ilipofika, padri aligeuza karatasi, akaikagua, akaigeuza tena. "Voilà," akasema, na nafasi ikawa ya Waziri.

Siku hiyohiyo alimwandikia mama yake kurasa mbili za furaha. Baada ya wiki kadhaa barua yake mwenyewe ilirudi ndani ya bahasha ya mjomba wake, na chini yake mjomba ameandika: "Mama yako anasema mkono wako aliulea mwenyewe, na huu ni wa mtu mwingine. Anasema ulikufa barua zilipokatika, na watu wa huko wanamficha. Tunamwonyesha kwa ishara kuwa u hai, hasadiki. Picha anasema ni za zamani. Hitima imesomwa. Nguo zako amezigawa."

Akaandika nyingine, na nyingine. Nilimwona. Herufi zilianzia kulia kama zamani, lakini kila moja ilikitwa kichwa na mguu, imekakamaa. Mkono wa mama yake haukurudi. Nililia kwa hasira.

Jumamosi alimpelekea padri ile barua iliyorudi. Nilisimama nyuma yake.

"Padri, mama yangu amenizika. Nirudishie mkono wangu."

Padri akaipeleka dirishani. Hakuweza kusoma hata herufi moja. Akaigeuza, akatazama mgongoni, akatabasamu, na sikuwahi kumwona akitabasamu.

"Angalia wima hii," aliniambia mimi. "Hata mu Kiarabu, haitikisike. Donc, mutoto amejifunza."

Kisha akamwomba Quentin pini, akaibandika ukutani ili wanafunzi wapya waione.