Vikate vya Watasema

Theresia alimpa mbwa wake jina la Watasema kwa sababu alijua fika kwamba watasema. Na kweli walisema. Mjane wa Misigiri, mwenye mbuzi wachache na shamba lenye mawe mengi kuliko alizeti, anamwokea mbwa mikate! Watu walikuwa hawajasahau miaka ya kupanga foleni ya sabuni na sukari, miaka ambayo mkate wa dukani ulikuwa hadithi ya waliofika Singida mjini. Sasa mambo yamekuwa ruksa, malori yanashusha mitumba na redio za kaseti kila wiki, na mama mzima badala ya kujinunulia kanga mpya anakaa jikoni kumpikia mbwa. Walicheka mpaka wakachoka, na Theresia akawaacha wacheke.

Hakuwa na wazimu. Fisi wa kule kwenye miteremko walikuwa hawaogopi mtu, na wezi wa mbuzi walikuwa wabaya kuliko fisi. Mwizi alirusha kipande cha nyama chenye sumu juu ya ua, akasubiri kidogo, kisha akaingia zizini kama anaingia kwake. Mbwa wa majirani walikwisha kwa mtindo huo. Kwa hiyo Watasema alifundishwa tangu mdogo kula kutoka mkono mmoja tu, mkono wa Theresia. Umrushie nyama, umtupie mfupa, angekutazama tu kama umemtukana. Na mbwa wa namna hiyo huwezi kumlisha makombo ya sufuria yanayomwagwa na kila mtu. Lazima awe na chakula chake anachokijua kwa harufu.

Ndipo vikate vilipozaliwa. Alichukua unga wa uwele, akachanganya na mashudu ya alizeti kutoka kwenye mashine mpya ya kukamua mafuta, akatia dagaa waliotwangwa wakawa vumbi. Badala ya maji alikandia mchuzi wa mifupa ya mbuzi uliopoa. Chumvi hakutia, wala kitunguu. Alikanda kwa kiganja kitupu, muda mrefu, maana alitaka jasho la mkono wake liingie ndani ya donge. Kisha alikata vipande vidogo, akavipanga kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, akafunika na kupalia makaa juu na chini, kama alivyojifunza zamani alipokuwa mpishi wa masista. Vilitoka vikavu na vigumu, vikakaa wiki nzima bila kuota ukungu. Watasema alikuwa akikaa mlangoni kuanzia donge linapokandwa, haombi, hanung'uniki, udenda tu unamtoka.

Mtu mmoja tu pale kijijini hakumcheka kwa dharau, ingawa ndiye aliyemcheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Huyo alikuwa Zefania, Msukuma aliyehamia Misigiri na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Wasukuma na Wanyiramba ni watani, na Theresia akiwa Mnyiramba, Zefania alikuwa mtani wake hasa, wa kutukanana asubuhi na jioni. Siku alipozikwa mume wa Theresia, Zefania alijitosa kaburini kabla ya jeneza, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe kuku, kwani marehemu alikuwa bahili na yeye hawezi kumwacha aende bila kulipa. Theresia alikuwa hajalia wala kula tangu jana yake. Alimtazama yule mtu mzima amelala kwenye udongo kwa shati la kanisani, akacheka, na baada ya kucheka ndipo machozi yalipotoka. Jambo hilo hakulisahau. Ndugu zake wa damu walimpa pole, lakini Zefania ndiye aliyempa pumzi.

Kwa hiyo siku Watasema alipopotea, mwezi wa sita, baada ya mavuno, Theresia hakupiga kelele. Alirudi kutoka kisimani akakuta ua uko wazi na mfuko wake wa vikate umetoweka pamoja na mbwa. Alisimama katikati ya ua, ndoo kichwani, akaanza kucheka peke yake. Mwizi wa kweli angechukua mbuzi. Aliyechukua mbwa na chakula chake alikuwa mtani, na desturi ilikuwa inajulikana. Mtani anakuja anabeba jembe lako, au jogoo wako, au hata kiti unachokalia, anakificha kwake, anakutangaza kijiji kizima kuwa umeshindwa kutunza mali. Wewe unakwenda kukomboa kwa kitu kidogo, mnakula, mnacheka, yamekwisha. Theresia hata alijisikia vizuri kidogo. Ni muda mrefu hakuna aliyemtania namna hiyo.

Alichagua jogoo wa kumkombolea mbwa. Zefania alifika mwenyewe baada ya siku chache, akakaa kwenye kinu badala ya kigoda, akamwambia jirani aliyekuwa anapita kwamba huyu mla mlenda ameachwa na mbwa wake kwa sababu ya ubaya wa sura. Theresia alimjibu kwamba mbwa aliona bora akae na mla michembe, vile viazi vikavu vya Kisukuma, kwani wanafanana meno. Walicheka. Jogoo alichinjwa, akapikwa, akaliwa. Kisha Zefania akajifuta mdomo na kusema kwamba mateka bado hajakombolewa, jogoo mwenyewe alikuwa mwembamba mno, na zaidi ya hayo mateka hali chakula cha Kisukuma. Vikate vimekwisha. Amwokee vingine.

Theresia aliwasha makaa huku akimtukana. Alikanda donge kubwa kuliko kawaida, maana utani ni utani lakini mbwa asilale njaa. Zefania alikaa akitazama mikono yake, akauliza kwa nini anakanda muda mrefu hivyo, naye akamweleza bila kuficha kitu. Alimwambia habari ya jasho la kiganja. Akamwambia pia kwamba ashike kikate kwa vidole viwili tu, wala asikisuguesugue, harufu isije ikapotea.

Wiki ile fisi aliingia. Alimchukua mbuzi mwenye mimba, akamjeruhi mwingine sikio. Theresia alituma ujumbe kwa Zefania kwamba utani sasa umefika kwenye mbuzi wa maziwa, amrudishe mbwa. Zefania alikuja, safari hii akiendesha baiskeli mpya ambayo bado ilikuwa na makaratasi ya dukani kwenye fremu. Alimpa pole ya mbuzi kwa kumwambia kwamba fisi alikuwa ni shangazi yake amekuja kumsalimia. Akasema mbwa atarudi karibuni, avumilie tu, na kwa sasa amwongezee vikate. Theresia alicheka, lakini cheko lenyewe lilitoka nusu. Akaoka. Aliitazama ile baiskeli ikiondoka na mfuko umening'inia kwenye usukani, akajiambia kwamba bei ya pamba huko kwao lazima imepanda.

Aliyemfungua macho ni Dina, rafiki yake, ambaye alikuwa akipeleka maandazi kwenye machimbo ya Sekenke. Tangu wanunuzi binafsi wa dhahabu waruhusiwe, Sekenke palikuwa pamefurika watu, na mwuza maandazi hakukosa wateja. Dina alifika Jumapili baada ya ibada, akakaa, akazunguka na habari za jua na za bei ya unga, kisha akauliza kama kweli Theresia aliamua kumuuza Watasema.

Dina alikuwa amemwona Sekenke. Amefungwa mnyororo nyuma ya uzio wa mabati, kwenye nyumba ya mnunuzi wa dhahabu, bwana mmoja kutoka Singida mjini aitwaye Mansuri. Zefania ndiye aliyempeleka, na alikuwa amepewa baiskeli. Kila wiki anapeleka mfuko wa vikate, kwa kuwa mbwa hali kitu kingine, na kwa kila mfuko anapewa chochote.

Theresia aliifunua mikono yake. Alikaa akitazama viganja vyake. Kuibiwa alikwisha kuibiwa kabla, na aliona ni mambo ya dunia. Lakini hili lilimkata maini. Alikuwa ameoka kwa mikono yake mwenyewe, akicheka, chakula cha kumshikilia mbwa wake kwenye mnyororo. Alikuwa ametoa siri yote ya kiganja. Na yule mtu alikuwa amekaa kwenye kinu chake, amekula jogoo wake, akimwambia fisi ni shangazi yake. 

Kesho yake alioka tena. Dina alimwuliza kwa nini anajisumbua, akamjibu kwamba mbwa hajamkosea. Alipanda lori la chumvi mpaka Sekenke, mfuko mapajani.

Mansuri alimpokea vizuri, akamwita mama, akamwagiza mtu alete soda. Alikuwa Mwislamu mwenye kushika dini, mbwa hamgusi. Shughuli zote za mbwa alimwachia mlinzi. Alisikiliza hadithi yote, uso ukambadilika. Akasema yeye aliletewa mbwa na mtu mzima aliyeapa kuwa ni wake, akatoa baiskeli kwa nia safi. Baiskeli ikirudi, mbwa ataondoka siku hiyohiyo. Lakini bila baiskeli, mama, na yeye atakuwa ameibiwa. Theresia aliona ana haki.

Alipelekwa nyuma. Watasema alikuwa amekonda, mbavu unaziona, na shingo imechubuka. Alipomwona hakubweka. Alilala chali akijikojolea kama enzi za utoto wake. Theresia alimlisha kimoja kimoja mpaka akatosheka. Halafu alifanya jambo lililomuuma kuliko yote ya safari ile. Alimwita mlinzi, akamshika kiganja, akakisugua kwa kiganja chake pamoja na kikate mpaka kikalowa jasho la wote wawili, akamwambia amlishe. Watasema alimtazama Theresia. Theresia aligeuza uso. Baada ya muda alisikia kikate kikivunjika kwenye meno. Miaka yote aliyomfundisha alikuwa ameivunja mwenyewe, mbwa asije akafa kwa njaa akimsubiri yeye. Akamwelekeza mlinzi namna ya kuoka, akaondoka bila kuaga mbwa.

Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, Godfrey. Mwenyekiti alimsikiliza akitabasamu, na alipofika mahali pa jogoo akacheka kabisa. Alimwambia kwamba tangu azaliwe hajasikia mtu akimshtaki mtani wake. Akiandika kesi hiyo, wakubwa wa kata watamfanya yeye ndiye kichekesho. Mtani amechukua, avumilie, au naye akachukue ng'ombe wa Zefania. Theresia alitaka kumwambia kwamba mtani huficha kitu ili kikombolewe, hauzi, lakini aliona mdomo wa mwenyekiti umekwisha kukaa tayari kwa cheko jingine. Akanyanyuka. Njiani alielewa. Zefania hakujificha nyuma ya uzio wa mabati. Alijificha nyuma ya utani wenyewe, na mle ndani hakuna mkono wa serikali wala wa kanisa ambao ungemfikia, mpaka yeye Theresia afungue mlango.

Alhamisi watu walikuwa wamejaa kwenye mashine ya kukamua alizeti, magunia yamepangwa, kila mmoja akisubiri zamu yake. Theresia alikuwepo na ndoo yake ya maji ya kunywa. Mwenyekiti Godfrey naye alikuwepo na gunia lake. Zefania alifika akipiga kengele ya baiskeli. Alimwona Theresia, akashuka, akapaza sauti ili wote wasikie.

"Jamani, nani amemfungulia huyu mchawi? Tazameni sura, hata mbwa amehama!"

Watu waligeuka wakiwa tayari kucheka. Walijua Theresia hashindwi. Theresia alijifuta mikono kwa kanga, akasimama wima.

"Habari za asubuhi, bwana Zefania," alisema. "Nyumbani hawajambo?"

Mmoja alicheka, akidhani ni mwanzo wa mzaha mrefu. Zefania naye alicheka. Alimwambia kwamba mlenda umempanda kichwani, kwamba mume wake alikufa mapema ili amkimbie. Lilikuwa tusi zito, la kujibiwa na tusi zito.

"Asante, bwana. Karibu ukae, umetoka mbali."

Alimsogezea kigoda. Mashine ilikuwa imezimwa kutiliwa mafuta, na pale uwanjani mtu ungemsikia akimeza mate. Mzee mmoja alivua kofia. Walikuwa wameshaona watani wakipigana, wakinyang'anyana nyama, wakivuana mashati msibani. Hakuna aliyewahi kuona mtani akiitwa bwana.

"Mama Theresia," mwenyekiti alisema taratibu, "huyu si mtani wako?"

"Nilikuwa naye mmoja. Alijilaza kwenye kaburi la mume wangu nikapata kucheka. Huyu simjui. Ni mgeni aliyeingia uani kwangu, akachukua mbwa wangu, akamwuza Sekenke kwa hiyo baiskeli mnayoiona. Akaja nimpikie chakula cha kumpeleka. Mbuzi wangu ameliwa. Sasa nashtaki mgeni, mwenyekiti. Nadhani mgeni anashtakika."

Hakuna aliyecheka. Godfrey aliitazama baiskeli, akamtazama Zefania, na safari hii mdomo wake haukuwa na tabasamu hata chembe. Alisema baiskeli irudi Sekenke leo hii, mbwa aje leo hii, na habari ya mbuzi itakaliwa barazani siku mwenye mashtaka atakapotaka. Watu walianza kusogea pembeni, wakimwachia Zefania nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji.

Zefania hakuutazama mkono wa mwenyekiti uliokuwa ukimwonyesha njia. Alikuwa akimtazama Theresia. Mashavu yalikuwa yamemlegea. Aliinama karibu naye.

"Nitukane," alisema kwa sauti ya chini. "Theresia, nitukane basi. Hata kidogo."

Theresia aliinamia ndoo. Matusi yalikuwepo, yamejaa kinywani, mazuri yote, ya miaka yote. Aliyameza. Alichota maji ndooni, akaishika kata kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu usiyemjua, akamnyooshea.

"Kunywa maji, bwana Zefania," alisema. "Sekenke ni mbali, na jua limeanza kuwa kali."